Kubisha Hodi Kwenye Wingu

Kila anayeandika programu kwa kazi amewahi kukataliwa na mashine. Amemaliza marekebisho kwenye kompyuta yake, ameyahifadhi, ameandika `git push` na kubonyeza kitufe. Badala ya kupokelewa, anajibiwa kwa maneno machache ya Kiingereza yanayojulikana na mafundi wote: `rejected`, `fetch first`. Mwenzake amemtangulia. Kwenye seva kuna kazi ambayo yeye hana, na seva haiko tayari kuifuta ili kumridhisha.

Wanaoanza kazi hii huuchukia ujumbe huo. Wengine hutafuta haraka njia ya kuulazimisha mlango. Mimi nimekuwa nikiufuata ujumbe huo kinyumenyume, kutoka mwongozo mmoja hadi mwingine, nikitaka kujua mashine zilianza lini kukataa. Maana hazikuzaliwa na adabu hiyo. Kwa miaka mingi zilipokea chochote zilichopewa na kufuta chochote zilichokikuta.

Njia yenyewe haipitiwi kwa miguu. Imeandikwa katika hati za kiufundi, katika tasnifu za vyuo vikuu na katika msimbo chanzo ambao hadi leo mtu yeyote anaweza kuufungua. Inaanzia Massachusetts, inapita New Jersey, Indiana na Amsterdam, inakunja kona Helsinki na Canberra, ndipo inapopanda kwenye wingu.

Mlango usio na hodi

Aprili 1971, Abhay Bhushan, kijana wa Kihindi aliyehitimu IIT Kanpur na kuendelea na masomo MIT, alichapisha hati inayoitwa RFC 114. Alieleza humo kanuni za kuhamisha faili kati ya kompyuta zilizounganishwa na ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Hapo ndipo FTP ilipozaliwa. Toleo la kanuni hizo ambalo dunia imelitumia kwa miongo kadhaa lilitoka Oktoba 1985, likiwa RFC 959. Ukiisoma sehemu ya amri ya `STOR`, ndiyo amri ya kupeleka faili kwenye seva, utakuta imeelezwa bila kusita: kama faili hiyo ipo tayari, yaliyomo yatabadilishwa na kuwekwa yale yanayotumwa. Hakuna swali kuhusu nani aliandika iliyopo, aliiandika lini, wala kama anayetuma amewahi kuiona.

Tovuti nyingi za miaka ya 1990 zilitunzwa kwa mtindo huo. Mtu alirekebisha ukurasa nyumbani, akaunganisha simu ya mezani na modemu, akaipeleka faili, ukurasa ukawa hewani. Wawili wakiugusa ukurasa mmoja siku moja, aliyetuma mwisho ndiye aliyeshinda. Kazi ya mwenzake ilipotea bila hata onyo. Nenosiri nalo lilisafiri waziwazi, likisomeka na yeyote aliyekaa njiani na kutega sikio.

FTP haikuwa na kosa kwa kazi iliyotumwa kuifanya. Ilikuwa mchukuzi, na mchukuzi haulizi mzigo unamfuta nani. Swali hilo lilikuwa likiiva kwingine kabisa.

Kumbukumbu ya faili

Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs alitengeneza SCCS, mfumo wa kudhibiti matoleo ya msimbo chanzo. Kwanza aliuandika kwa lugha ya SNOBOL4 kwenye kompyuta kubwa ya IBM System/370. Mwaka uliofuata akauandika upya kwa lugha ya C, ufanye kazi kwenye UNIX ndani ya mashine ya PDP-11. SCCS haikuweka nakala nzima ya kila toleo. Iliyaweka matoleo yote ndani ya faili moja, ikiandika ni mistari ipi iliongezwa na ipi iliondolewa katika kila badiliko, na kutoka humo ikaweza kukutolea toleo lolote ulilolitaka. Sasa faili ilikuwa na historia.

Katika maabara hizohizo Douglas McIlroy alitengeneza `diff`, programu inayolinganisha faili mbili na kutaja mahali zinapotofautiana. Ilitoka na toleo la tano la UNIX mwaka 1974. Mwaka 1976 yeye na James Hunt wakachapisha maelezo ya hesabu inayoiendesha. Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, akaleta RCS na kuugeuza mpangilio: toleo la mwisho linahifadhiwa zima, na tofauti zinaelekea nyuma. Sababu yake ilikuwa ya kiutendaji tu. Watu huhitaji toleo la leo mara nyingi kuliko la mwaka jana, kwa hiyo la leo ndilo linalostahili kupatikana upesi.

Adabu ya zama hizo ilikuwa kufuli. Aliyetaka kurekebisha faili aliifunga kwa jina lake, wengine wakasubiri. Akienda likizo bila kuifungua, na faili ilikwenda likizo. Tena yote hayo yalifanyika ndani ya kompyuta moja iliyotumiwa na watu wengi. Historia ilikuwapo, lakini haikuwa na miguu.

Miguu ilitoka kwa Larry Wall, mtu ambaye baadaye aliunda lugha ya Perl. Mei 1985 alitoa `patch`, yaani kiraka. Programu hiyo ilichukua matokeo ya `diff` na kuyabandika juu ya faili ya mtu mwingine, kwenye kompyuta nyingine, hata bara jingine. Sasa tofauti iliweza kusafiri peke yake kwa barua pepe na kuiacha faili nyumbani. Na hapa ndipo njia yangu ilipokutana na kukataliwa. Tofauti ilibeba pia mistari michache jirani isiyobadilika, na `patch` iliitafuta mistari hiyo kwenye faili ya mpokeaji. Isipoikuta, haikulazimisha. Ilikiweka kile kipande pembeni, katika faili yenye mwisho wa `.rej`, ikamwachia binadamu aamue. Mashine ilikuwa imeanza kubisha hodi.

Watu watatu wasiokutana

Katikati ya miaka ya 1980, katika chuo cha Vrije Universiteit mjini Amsterdam, Dick Grune alikuwa akitengeneza kompaila ya lugha ya C pamoja na wanafunzi wake wawili. Ratiba zao hazikuoana hata kidogo. Mmoja alifuata saa za ofisi, mwingine hakuwa na saa maalumu, na Grune mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Kufuli za RCS zingewafanya wasubiriane hadi uzeeni. Akaandika skripti zilizokaa juu ya RCS, na huo ndio mwanzo wa CVS. Brian Berliner aliuandika upya mfumo huo kwa lugha ya C kuanzia mwaka 1989.

CVS iliondoa kusubiriana. Kila mtu alichukua nakala yake, akafanya kazi kwa wakati wake, hukumu ikaahirishwa hadi siku ya kurudisha. Ukitaka kurudisha, CVS iliangalia kama nakala uliyoanzia bado ndiyo ya mwisho. Kama sivyo, ilikujibu `Up-to-date check failed`. Ulitakiwa uandike kwanza `cvs update`, upokee kazi za wenzako, uziunganishe na yako, ndipo ujaribu tena. Anayetumia Git leo akisoma utaratibu huo atadhani anasoma mwongozo wa leo.

Udhaifu wake mkubwa ulikuwa kwamba CVS ilihesabu faili mojamoja. Mawasiliano yakikatika katikati, nusu ya faili zilikuwa zimefika na nusu hazijafika, na mradi ukabaki katika hali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika. Subversion, iliyoanzishwa na kampuni ya CollabNet mwaka 2000 na kufikia toleo la 1.0 Februari 2004, ilikuja na sharti kwamba badiliko linaingia lote au haliingii kabisa. Sharti hilo nalo liko ndani ya kila mfumo wa maana wa kudhibiti matoleo tunaoutumia sasa.

Helsinki na Canberra

Hadi hapo tuna kumbukumbu na tuna adabu ya kuuliza. Kulikosekana barabara salama, na namna ya kupita bila kulipia mzigo mzima.

Barabara ilijengwa Finland. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki ulivamiwa na mdukuzi aliyenasa manenosiri yakipita. Tatu Ylönen, mtafiti wa chuoni hapo, alijibu kwa kuandika SSH, itifaki inayosimba kila kinachopita kati ya kompyuta mbili. Aliitoa Julai mwaka huohuo. Akaomba ipewe mlango namba 22, katikati ya FTP iliyoshika 21 na telnet iliyoshika 23, zile mbili ambazo alikusudia kuzistaafisha. `git push` nyingi duniani hupita katika mlango huo hadi leo.

Mwaka uliofuata, Juni 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra, walitangaza rsync. Australia ilikuwa mbali na seva nyingi za dunia na njia zake za mawasiliano zilikuwa nyembamba. Swali lao lilikuwa hili: unawezaje kujua tofauti kati ya faili mbili ikiwa faili hizo ziko kwenye mashine mbili tofauti, na kuzileta pamoja ndiyo gharama unayoikimbia? `diff` haikuweza kusaidia, kwa kuwa inataka kuziona zote mbili.

Jibu lao lilimpa mpokeaji neno la kwanza. Mpokeaji huikata faili yake ya zamani vipande vya ukubwa sawa. Kwa kila kipande hukokotoa alama mbili fupi, moja nyepesi na ya haraka, nyingine nzito na ya uhakika, kisha hutuma alama hizo tu. Mtumaji huteleza juu ya faili yake mpya baiti kwa baiti, akitafuta mahali popote ambapo alama zinalingana. Alama nyepesi imeundwa ili kuihamisha baiti moja mbele kusidai kuhesabu upya kipande kizima, na hiyo ndiyo siri ya kasi yake. Mwishoni mtumaji hupeleka kile tu ambacho mwenzake hana, pamoja na maelekezo ya kuvipanga vile alivyonavyo. Tridgell alieleza haya kwa kina katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1999.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mantiki hiyo haihitaji kutetewa. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika pwani yetu Julai 2009, Tanzania na Kenya zilitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali na jibu vilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na kila megabaiti ilikuwa na bei iliyouma. Aliyekuwa akitunza seva ya Ulaya akiwa Dar es Salaam au Nairobi alijua tofauti kati ya kutuma mradi mzima na kutuma mistari iliyobadilika. Kwa njia ya kwanza alisubiri hadi usiku mitandao ipungue watu. Kwa ya pili alimaliza kabla chai haijapoa.

Mtu yuleyule tena

Kiini cha Linux, mradi ulioanza mwaka 1991, kiliendeshwa kwa miaka kumi hivi bila mfumo wowote wa kudhibiti matoleo. Watu walimtumia Linus Torvalds viraka kwa barua pepe, naye akavibandika kwa mkono wake. Mwaka 2002 kazi ilipomzidi alichukua BitKeeper, programu ya kampuni ya Larry McVoy, iliyotolewa bure kwa wanakiini kwa masharti. Mojawapo lilikuwa kwamba anayeitumia asitengeneze mshindani wake.

Tridgell, yule wa rsync, hakuwa ameitumia BitKeeper, na kwa hiyo hakufungwa na masharti yake. Alitaka kuandika programu huru inayoweza kuzungumza na seva zake. Kampuni ikakasirika na kuondoa leseni ya bure. Aprili 2005, kwenye mkutano wa wanalinux uliofanyika Canberra, Tridgell aliwaonyesha waliohudhuria jinsi kazi yake ilivyoanza. Alijiunga na seva ya BitKeeper kwa telnet ya kawaida, akauliza ukumbi aandike nini. Wakamwambia `help`. Akaandika, na seva ikamworodheshea amri zake.

Wakati huo Torvalds alikuwa tayari amekaa kuandika mbadala. Alianza tarehe 3 Aprili 2005, na tarehe 7 Git ilikuwa ikihifadhi msimbo wake yenyewe. Hatua hiyo ya kwanza bado ipo, na yeyote mwenye nakala ya historia ya Git anaweza kuifungua, kama nilivyofanya. Ni faili kumi na moja, mistari kama elfu moja na mia mbili, na maelezo ambamo mwandishi anaiita kazi yake msimamizi wa taarifa kutoka jehanamu. Ndani yake kuna amri za kuanzisha hazina, kuandika mti wa faili, kuandika komiti na kuonyesha tofauti. Amri ya kusukuma haimo. Git ilizaliwa ikijua kukumbuka tu, na katika miezi yake ya mwanzo hazina za kiini cha Linux zilichukuliwa kwa rsync. Chombo cha mtu aliyesababisha kuvunjika kwa mkataba ndicho kilichobeba mbadala wa BitKeeper hadi ukapata miguu yake. Junio Hamano alipokea usimamizi wa Git Julai 2005, na ndiye anayeushika hadi sasa.

Yanayotokea kati ya amri na jibu

Sasa tunaweza kuifungua ile amri na kuona kila kizazi kimeacha nini ndani yake.

Ukiandika `git push`, kompyuta yako inafungua njia ya SSH, au ya HTTPS, hadi kwenye seva. Anayeanza kuzungumza ni seva, kama ilivyokuwa kwa mpokeaji wa rsync. Inataja matawi yake yote na alama ya komiti ya mwisho ya kila moja. Alama hiyo imekokotolewa kutokana na yaliyomo na historia yote iliyo nyuma yake, kwa hiyo alama moja inatosha kueleza hali ya mradi mzima. Kompyuta yako inalinganisha na historia yake, inatenga vitu ambavyo seva haina, inavifungasha kwa njia ya tofauti, kama SCCS ilivyofanya, na kuvituma.

Pamoja na kifurushi hutumwa ombi lenye sehemu tatu: jina la tawi, alama uliyoiona pale mwanzoni, na alama mpya unayotaka iwekwe. Seva hulisogeza tawi ikiwa tu alama iliyopo bado ni ile uliyoiona. Mtu akiingia katikati, hata kwa nukta moja ya sekunde, ombi lako linaanguka. Na kama komiti yako haikujengwa juu ya komiti iliyopo kwenye seva, hata safari haianzi vizuri. Unapata `rejected`.

Git inakupa pia nguvu ya kuuvunja mlango, nayo ni `--force`. Ukiitumia, umerudi kwenye zama za FTP, ambamo aliyetuma mwisho ndiye mshindi. Novemba 2013 toleo la 1.8.5 lilileta njia ya kati, `--force-with-lease`. Inalazimisha, lakini kwa sharti kwamba hali ya seva iwe ileile uliyoiona mara ya mwisho. Hata ubabe ukafundishwa kuuliza.

Kutoka hazina hadi wingu

Amazon ilifungua S3 Machi 2006 na EC2 Agosti mwaka huo. Sasa ungeweza kukodi diski na kompyuta kwa saa bila kujua ziko chumba gani. Lakini msimbo ulipaswa kufika huko, na kwa muda watu walirudia mazoea ya zamani: kuingia kwa SSH, kunakili kwa rsync, kuwasha upya, kuomba Mungu.

Heroku, iliyoanzishwa mwaka 2007 na James Lindenbaum, Adam Wiggins na Orion Henry, ilifupisha yote kuwa sentensi moja: `git push heroku master`. Seva yao ilipokea komiti, ikatambua lugha iliyotumika, ikakusanya maktaba zinazohitajika, ikajenga programu na kuiwasha. Ujenzi ukishindwa, kusukuma kwenyewe kulikataliwa na toleo la zamani likaendelea kuhudumia watu. Kampuni ya Salesforce iliinunua Desemba 2010 kwa dola milioni 212 hivi. Mchango wa Heroku ulikuwa kuunganisha historia na utendaji: kilichokuwa kikiendeshwa mbele ya wateja kilikuwa na komiti yake, na ungeweza kukitaja kwa alama.

Namna mambo yanavyokuwa bila mshikamano huo ilionekana New York asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012. Kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital ilikuwa imeweka msimbo mpya kwenye seva zake siku chache kabla. Seva zilikuwa nane. Kwa mujibu wa hukumu ya tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, SEC, fundi aliuweka kwenye saba na kuisahau moja, na hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua. Katika ile ya nane ulibaki msimbo wa zamani uitwao Power Peg, uliokuwa umeachwa kutumika tangu 2003, na swichi iliyowasha huduma mpya ndiyo iliyowahi kuuwasha. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ikaanza kumwaga oda zisizokoma. Wakiwa wanatafuta chanzo, mafundi waliondoa msimbo mpya kwenye zile saba zilizokuwa sawa, na tatizo la moja likawa la nane. Ndani ya dakika 45 zilifanyika biashara zaidi ya milioni nne, na hasara ikapita dola milioni 460. Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliungana na mshindani wake Getco, na jina lake la zamani likafutika.

Msimbo waliokusudia kuutumia haukuwa na ila iliyotajwa kuwa chanzo cha janga. Walichokosa ni jibu la swali moja: kwenye seva zote nane, sasa hivi, kuna nini?

Vyombo vilivyofuata vililichukua swali hilo na kulifanya amri inayojitegemea. Terraform, iliyotolewa na HashiCorp mwaka 2014, ina `terraform plan`, inayolinganisha ulichoandika na kilichopo kwenye wingu na kukuorodheshea kitakachoundwa, kitakachobadilishwa na kitakachofutwa kabla hujagusa chochote. Kubernetes ina `kubectl diff`. rsync ilikuwa nayo zamani, `--dry-run`, ingawa wengi hukumbuka kuitumia baada ya hasara.

Salesforce yenyewe ni mfano mzuri wa safari nzima kurudiwa ndani ya nyumba moja. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1999, na kwa miaka mingi wateja wake walibadilisha mifumo yao kwa kubofya moja kwa moja kwenye wingu. Wingu ndilo lililokuwa asili, na nakala kwenye kompyuta ya fundi ilikuwa kivuli tu. Oktoba 2017 ikatoa Salesforce DX na kuligeuza hilo: hazina ya msimbo ndiyo asili, na mazingira ya wingu huundwa kutokana nayo, mengine yakiwa ya majaribio yanayoishi siku zisizozidi 30. Amri zilikuwa `sfdx force:source:push` na `sfdx force:source:pull`. Seva hupandisha namba kila kitu kinapobadilika upande wake. Kwenye kompyuta, chombo huweka Git ndogo iliyofichwa ili kijue kilichobadilika upande huu. Vikigongana, kinasimama na kuorodhesha migongano. Leo amri hizo zimekuwa `sf project deploy start` na `sf project retrieve start`, na kabla yake unaweza kuuliza kwa `sf project deploy preview`. Ukipeleka kwenye mazingira halisi ya wateja, badiliko huingia lote au haliingii, lile sharti la Subversion. Na msimbo wa Apex, lugha ya programu ya Salesforce, haupokelewi hadi majaribio yaguse angalau asilimia 75 yake.

Sisi tulio pwani ya Bahari ya Hindi tuna sababu ya ziada ya kushika mambo haya. Wingu tunalolisukumia liko ng'ambo. AWS, wingu la Amazon, ilifungua vituo vyake Cape Town Aprili 2020, Google ikafungua Johannesburg Januari 2024, na kutoka kwetu njia kuu za kufika huko ni kebo za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, na intaneti ikasuasua kuanzia Kenya na Tanzania hadi Msumbiji. Siku kama hiyo hufichua haraka ni nani anatuma tofauti na ni nani anatuma mzigo mzima, na nani ana chombo kinachoacha kazi nusu mawasiliano yakikatika.

Baada ya kuifuata njia hii yote, hukumu yangu ni kwamba kutuma kulikuwa rahisi tangu mwanzo. Bhushan alikuwa amemaliza sehemu hiyo mwaka 1971. Miaka zaidi ya hamsini iliyobaki imetumika kujenga swali linalotangulia kutuma, na kila hasara kubwa niliyokutana nayo njiani ilitokana na kuliruka. Kwa hiyo, ndugu msanidi, liweke swali hilo katika mazoea yako na katika skripti za timu yako. Andika `git fetch` kabla ya `git push`. Soma `plan` na `preview` hadi mstari wa mwisho, hasa mistari ya kufuta. Seva zikiwa nane, kagua nane. Na ukikataliwa, iache `--force` ilipo, pokea kwanza kazi ya mwenzako, iunganishe na yako, kisha tuma tena.